Mama Mkwe na Waya wa Mgongoni

Tulimzika mama mkwe wangu kijijini kwake, Kinampanda, na mimi nikalia kwa sauti kiasi kwamba wazee wawili wa ukoo wake waligeuka kunitazama. Kwetu mkwe wa kiume halii hivyo. Mkwe wa kiume husimama nyuma ya watu, huchanga kinachochangwa, hushika jembe akiombwa, kisha huondoka bila kelele. Mimi nilisimama mbele kabisa na magongo yangu mawili, nikalia kama mtoto aliyepotezana na mama yake gulioni. Baadaye, tulipokuwa tumekaa chini ya turubai, mchungaji alinipa nafasi ya kusema neno kwa niaba ya wakwe, akanionya kwa upole kuwa muda umekwenda. Nikasema marehemu alikuwa mtu mwema, nikaketi. Mtu aliyenijua sokoni Misigiri enzi zile angecheka, maana mimi ndiye niliyeweza kumuuzia mtu vitunguu vilivyoanza kuota akaondoka anashukuru. Basi lile neno lililonishinda pale turubaini nitaliandika hapa, kwa urefu ninaoutaka mwenyewe, kwa kuwa hapa hakuna mchungaji wa kutazama saa.

Ilikuwa miaka ile ya ruksa, serikali ilipofungulia watu biashara. Rafu za maduka, zilizokuwa tupu miaka nenda rudi, zilianza kujaa sabuni, sukari, vitenge na redio za kila aina, na kila mwenye miguu akawa mfanyabiashara. Mimi nilikuwa na miguu. Nilinunua vitunguu kwa wakulima, nikavipakia kwenye malori ya watu binafsi pale Misigiri, nikajiona tajiri mtarajiwa. Siku moja lori tulilopanda juu ya magunia lilishindwa kona, likalala ubavu. Mimi nikaangukia mgongo, na gunia likaniangukia mimi. Sitaisimulia zaidi ya hapo. Kila aliyepata ajali anadhani ajali yake ndiyo hadithi, kumbe hadithi huanza baadaye, kitandani. Mfupa wa mgongo ulivunjika, na uti wa ndani ukaminywa bila kukatika. Daktari wa kwanza aliniambia nina bahati. Bahati yenyewe ilikuwa hivi: miguu yangu haikufa, bali ilibaki hai na ikakosa adabu. Ilikakamaa yenyewe bila ruhusa yangu, mara magoti yakapanda mpaka kifuani, mara ikanyooka ghafla na kupiga chuma cha kitanda hadi wodi nzima ikageuka. Na kuanzia kiunoni kushuka niliungua mchana na usiku, kama mtu aliyekanyaga majivu akidhani yamepoa. Vidonge nilivyopewa vilinilevya tu, moto wenyewe havikuuzima.

Hospitali yenyewe ilikuwa ya misheni, mbali kidogo na barabara kuu, na wodi ya wanaume ilikuwa chumba kirefu chenye kuta za kijani chini na nyeupe juu. Kitanda changu kilikuwa cha mwisho, chini ya dirisha lililotazamana na jiko la ndugu, yaani kile kibanda cha mabati ambako jamaa za wagonjwa walipika, walifulia na kulala. Harufu zote za ulimwengu wangu wa mwaka ule ziliingia kwa dirisha hilo: moshi wa kuni mbichi, mlenda unaochemka, sabuni ya mche. Na maneno pia yaliingia. Nimesoma vitabu kadhaa tangu hapo, lakini sidhani kama kuna kitabu kilichonifundisha nchi yetu kama wale wanawake wa jikoni. Walijadili bei ya sukari, nani amevaa mitumba na kujidai ni ya dukani, na kwa nini siku hizi mgonjwa achangie matibabu ambayo jana yalikuwa ya bure. "Ruksa, ruksa," alisema mmoja wao, "ruksa ya kuuza ipo. Ya kununua mbona hawajatuletea?" Wakacheka mpaka sufuria zikalia.

Mke wangu Naomi alikuwa amejifungua siku chache kabla ya ajali, hivyo hakuweza kuja kuniuguza, na kwa upande wangu hapakuwa na wa kumtuma. Aliyelazwa hospitali zetu anajua: usipokuwa na mtu wa kukupikia na kukufulia, utakula huruma ya kitanda cha jirani. Siku moja Sista Tabitha, muuguzi mkuu wa wodi yetu, mwanamke mrefu asiye na haraka, alikuja akaniambia, "Msengi, mama yako amefika." Nikageuza shingo. Mlangoni, furushi kichwani na sufuria mkononi, alisimama mama mkwe wangu. Nilitamani lile lori linirudie.

Asiyejua atashangaa. Kwa jinsi nilivyolelewa, mama mkwe ni mtu unayempisha njia kwa kuingia kwenye majani. Huli mbele yake. Humtajii habari za mwili wako, hata mafua. Akija nyumbani kwako unatafuta kazi ya kufanya nje. Hapo hapana chuki hata kidogo, ni heshima iliyokolea mpaka ikawa ukuta. Na sasa mtu huyo huyo alikuwa amekuja kufua mashuka yangu. Yeye mwenyewe, nadhani, alilifikiria jambo hilo njia nzima kutoka Kinampanda, maana hakupoteza muda. Alimsalimia Sista, akaomba misumari miwili, akatundika kanga moja kuukuu kutoka dirishani hadi kwenye nguzo, akaweka kigoda nyuma yake, akaketi hapo ukutani. Alikuwa karibu kiasi cha kusikia nikigeuka, lakini hatukuonana. Watu walimwita Mama Naomi. Mimi sikuwa na ruhusa hata ya kumwita hivyo.

Kati yetu akapatikana mjumbe, Mzee Gunda wa kitanda cha pili, mzee wa Ulemo aliyevunjwa paja na ng'ombe wake mwenyewe na ambaye kila siku alimsamehe ng'ombe huyo upya. Chakula kiliwekwa kwenye stuli yake, naye akanisogezea. Maneno nayo yalipita kwake.

"Mzee Gunda," angesema mama mkwe, hatua mbili kutoka sikio langu, "hebu muulize huyo baba kama chumvi imetosha."

"Msengi, chumvi imetosha?"

"Mwambie imetosha, nashukuru."

"Anasema imetosha, anashukuru."

"Nimesikia," angejibu, kisha akakumbuka kwamba hakupaswa kusikia, akakohoa.

Na alikuwa anapika! Ugali wa uwele uliosongwa ukakubali, mlenda wa karanga, maziwa ya mgando, na Jumapili kuku aliyemtoa sijui wapi. Nilikula nikiwa nimegeukia dirishani, yeye akiwa ametoka nje makusudi mpaka nimalize. Leo najua kuwa alikuwa akiutazama ugali uliorudi kama wengine wanavyosoma gazeti. Wakati ule niliona tu kuwa sahani inaondoka na sahani inakuja. Kitu kimoja nilikishikilia: asisikie nikilalamika. Moto ulipopanda niliuma blanketi. Miguu ilipoanza ukorofi wake nilijifunga magoti na tambara refu, ncha zake nikazikaza kwenye chuma cha kitanda chini ya shuka, nikatulia nikitoka jasho. Nilijikaza kisabuni. Mzee Gunda, ambaye aliona yote, alitikisa kichwa na kuninong'oneza, "Mficha maradhi, kifo humuumbua." Nikamwomba anyamaze, naye, kwa kuwa alikuwa mjumbe mwaminifu, akanyamaza.

Katikati ya mwaka alikuja Dakta Rutta. Alikuwa mtu wa Bukoba, mpasuaji aliyetoka kusoma ng'ambo, akipita hospitali za mikoani kwa muda na masanduku ya vifaa alivyopewa na walimu wake. Nimekutana na madaktari wengi kuliko ninavyopenda, na bado namweka yeye juu. Hakusimama miguuni pa kitanda kama hakimu. Aliketi pembeni, akaushika mguu wangu kwa mikono miwili, akasubiri, mpaka mguu wenyewe ukamjibu kwa mtetemo mdogo tu, maana tambara nililolificha chini ya shuka lilikuwa limeubana magotini. Akanieleza jambo ambalo sijapata kulisikia likielezwa vizuri zaidi tangu siku hiyo.

"Msengi, huku mgongoni kuna mlango. Habari zote za miguu zinapita hapo kwenda kichwani. Sasa hivi maumivu ndiyo yamejaa mlangoni, yanapiga kelele peke yao. Mimi siwezi kuyaua. Ila naweza kupeleka wageni wengine pale mlangoni, wa kutekenya tu, wengi, mpaka yakose nafasi ya kupita."

"Wageni gani, dakta?"

"Umeme. Mdogo sana. Wa betri."

Akanionyesha. Waya mwembamba kama uzi wa kushonea viatu ungepitishwa mgongoni na kulazwa jirani na uti, bila kuugusa. Mkia wake ungetoka nje ya ngozi na kuungwa kwenye kiboksi chenye betri ya mraba. Hayo yangekuwa majaribio, kwa siku kadhaa. Kama maumivu yangepungua walau nusu, angezika chini ya ngozi kidude bapa, kama kifungo kikubwa cha koti, kinachopokea umeme kutoka kwenye kiboksi cha nje bila waya kutokeza. Kama hayakupungua, angeutoa ule waya na kuniomba radhi. Nilimuuliza kwa kunong'ona kama miguu ingetulia pia. "Kwa baadhi ya watu hutulia," alisema. "Kwa nini hasa, hata wakubwa wangu bado wanabishana." Nilimpenda kwa jibu hilo. Kisha akasema lililokuwa zito: vidude vya kuzika vilikuwa vichache mno, na kulikuwa na mama mmoja wa Manyoni anayesubiri. Asingeweza kumwekea mtu ambaye hakimsaidii. "Kwa hiyo nitakuuliza kila asubuhi," alisema, "nami nitafuata jibu lako." Alipoinuka aliona kanga, akachungulia kwa adabu, akasema, "Shikamoo mama." Akajibiwa marahaba. Aliondoka akiamini, kama Sista alivyoamini, kwamba yule ni mama yangu mzazi.

Asubuhi ya kabla ya kupasuliwa aliniuliza, "Maumivu yakoje leo?" Na mimi, na kanga ile imetulia pale ukutani, nikasema, "Kidogo tu, dakta. Sijambo." Akaandika, akisema majaribio ndiyo yatakayoamua.

Namna alivyonifanyia sikuiona, maana nililala kifudifudi na mashine ya eksirei ikinguruma juu yangu, lakini nakumbuka alipoanza kukiwasha kile kiboksi taratibu huku akiuliza unasikia wapi, hapa, hapa je. Kilianza kama sisimizi wachache kiunoni. Akageuza kitufe. Sisimizi wakateremka pajani, wakapita goti, wakafika kwenye nyayo, jeshi zima, wakiutembelea ule moto wangu. Sisemi ulizimika. Ulisogea, kama mtu mkorofi aliyebanwa kwenye benchi na watu wengi. Na miguu, jamani, ile miguu ikalegea. Niliiangalia imelala pale ikiwa ya mtu mwingine, mtu mwenye amani. Nilirudishwa wodini nikalala mchana kutwa kama aliyekunywa pombe ya harusi, na nilipoamka nikala ugali wote nikatafuta mwingine.

Kesho yake Dakta Rutta akaja na kalamu. "Maumivu yakoje leo, Msengi?" Nilikuwa na maneno kifuani ya kujaza soko zima. Nyuma ya kanga nikasikia kigoda kikilia. Nikasema, "Kidogo tu, dakta. Sijambo."

Yafikirie hayo, wewe unayesoma. Kumwambia kwamba yamepungua ni kumwambia kwamba yalikuwepo, na makubwa. Ningetamka, mbele ya mama mkwe, habari ya mapaja yangu, nyayo zangu, usiku wangu. Ulimi ulikataa. Siku iliyofuata ikawa vile vile, na iliyofuata. Mama mkwe naye, naamini alihisi, alianza kutoka nje daktari alipoingia, akisema anafuata kuni. Lakini alikuwa ameiacha kanga yake, na kwangu kanga ilitosha kuwa yeye. "Sijambo, dakta." Miguu kabla ya waya aliiona imetulia, kwa kuwa nilikuwa nimeifunga. Baada ya waya aliiona imetulia. Kwa mtu wa sayansi hesabu ilikuwa nyepesi: kijana huyu aliumwa kidogo kabla, anaumwa kidogo sasa, waya haujabadilisha kitu.

Aliniambia kwa huzuni ya kweli. "Kesho nitautoa, Msengi. Usivunjike moyo. Tutatafuta dawa nyingine." Kile kidude kingekwenda kwa mama wa Manyoni. Nami, ambaye siku hizo chache nilikuwa nimeonja pepo, nikasema, "Sawa, dakta. Asante sana." Mzee Gunda alivuta shuka akafunika uso wake kwa hasira. Siku hiyo mama mkwe hakwenda kuchukua kuni, alikuwa nyuma ya kanga. Alikuwa amesikia.

Jioni ile chakula kililetwa na Sista. Kupitia dirishani niliwasikia wanawake jikoni, na sauti yake kati yao, wakizungumza Kinyiramba. Mmoja alimwambia kuwa mkwe ni mkwe hata akiwa kitandani, na kwamba mwanamke akianza kuzungumza na mkwewe ana kwa ana, kesho watoto hawatakuwa na wa kumheshimu. Wengine wakaunga mkono. Nikamsikia yeye akikwangua sufuria. Kisha akasema, "Hizi sheria ziliwekwa na watu wenye afya. Hakuna aliyemuuliza mgonjwa." Na mwingine alipoanza tena, akamkata: "Nimesema. Leteni maji nioshe vyombo."

Nimemfikiria sana mwanamke huyu tangu tumzike. Hakuwa mpinzani wa mila. Alizishika kuliko wote; yeye ndiye aliyetundika kanga. Mtu asiyejali mila huzivunja bure, wala hatuna cha kumsifia. Yeye alijua uzito wa ule ukuta tofali kwa tofali, na ndiyo maana najua alichobeba asubuhi iliyofuata.

Dakta Rutta aliingia na Sista Tabitha, na sinia lenye mkasi na pamba. Kabla hajaketi, kanga ilianguka. Hakuifunua kidogo, aliing'oa na misumari yake. Akatoka nyuma yake, mwanamke mfupi, kitambaa cheusi kichwani, akaja akaketi kwenye kitanda changu. Juu ya kitanda changu, nasema! Nilifumba macho.

"Daktari," alisema, "mimi si mama yake. Mimi ni mkwe wake. Nimemzalia mke."

Dakta Rutta alimtazama, akanitazama. Nadhani Bukoba nako wanao ukuta wao, maana kalamu ilishuka taratibu mfukoni. "Ah," alisema. "Na amekuwa akinijibu wewe ukiwa hapo."

"Hapo. Na nilipotoka aliogopa kanga. Sasa sikiliza. Mashuka nafua mimi. Blanketi lake lina matundu ya meno, nimeyashona. Tangu umtie waya, hakuna tundu jipya. Ugali ulikuwa unarudi nusu, sasa sahani inarudi kama imelambwa na mbwa. Na hili," akafunua shuka upande wa miguu bila kunitazama usoni, akaonyesha lile tambara lililokuwa bado limening'inia kwenye chuma, "hili ndilo lililokuwa limetuliza miguu uliyoiona."

Daktari hakukasirika wala hakujitetea. Alilishika tambara akaligeuzageuza. Kisha akasema kitu ambacho kwa muda kilinikera, na ambacho sasa ndicho ninachomheshimia zaidi. "Mama, nakuamini. Lakini waya uko mgongoni mwake, si mwako. Nikizika kidude hiki, ataishi nacho miaka, nami sitakuwepo. Lazima aseme mwenyewe."

"Basi atasema," alisema mama mkwe. Akanigeukia. Tangu nimwoe binti yake hakuwahi kulitamka jina langu. "Msengi. Fumbua macho."

Nikafumbua. Uso wake ulikuwa karibu, na macho yake yalikuwa na wekundu wa moshi, au wa kukosa usingizi.

"Sema."

Sikuweza. Nataka ieleweke kuwa nilijaribu. Nilifungua mdomo, ukatoka upepo. Daktari akangoja, Sista akangoja, Mzee Gunda akanihimiza kwa kichwa kama mtu anayemsukuma ndama azaliwe. Hakuna. Ndipo Dakta Rutta akaweka mkono kwenye kiboksi akasema kwa upole, "Ninazima."

Sisimizi waliondoka. Kwa muda mfupi hapakuwa na kitu, nikadhani pengine nimepona. Kisha moto ulirudi nyumbani kwake. Uliingia kwa nyayo, ukapanda, ukaweka vyombo vyake vyote mahali pake. Mguu wa kulia ukaanza kutetemeka. Mkono wangu, kwa mazoea, ukaenda kutafuta tambara, nao mama mkwe akalivuta akalitupa chini. Mguu ukaruka. Ulimpiga begani. Hakusogea, wala hakutazama pembeni. Aliushika kwa mikono yake yote miwili, ngozi kwa ngozi, akaukumbatia kifuani kama mtu aliyeshika mbuzi asiyetaka kuchinjwa, akasema tena, "Sema, mwanangu."

"Naumwa!" nikapiga kelele. "Naumwa, mama! Naungua! Tangu siku ile naungua, silali, nimeuma blanketi mpaka meno yanalegea, nilikuwa naona aibu, mama, washeni hicho kidude, kilikuwa kinanisaidia, kilikuwa kinanisaidia sana, washeni!" Nilisema na mengine. Nilimtukana dereva wa lori na wazazi wake. Nilisema kwa Kiswahili, nilipochoka nikasema kwa Kinyiramba, nikalia makamasi yakanitoka, na yule mwanamke ambaye sikuwahi kula mbele yake akayafuta kwa ncha ya kanga aliyoing'oa.

Dakta Rutta akawasha. Alisubiri mpaka mguu ulegee mikononi mwa mama mkwe. "Asante," alisema, na sauti yake haikuwa ya daktari sana. "Hilo ndilo jibu nililokuwa nalitafuta." Kisha, akimwambia Sista lakini nadhani akijiambia mwenyewe: "Kuanzia leo, kabla sijamuuliza mgonjwa anaumwaje, nitauliza kwanza ni nani aliyekaa karibu yake." Mama wa Manyoni, niliambiwa baadaye, alipata cha kwake masanduku mengine yalipofika. Nilifurahi kuliko nilivyotarajia.

Waya ukabaki. Kidude kikazikwa chini ya ngozi ya ubavu, na mimi nikatoka hospitali na kiboksi kiunoni na pochi ya betri za mraba, ambazo, tuisifie ruksa kwa hili, zilianza kupatikana mjini Singida bila kujuana na mtu. Sikupona. Vijana wanaposikia habari hii hutaka nimalizie kwa kukimbia. Nilipata nusu ya maumivu niliyokuwa nayo, na nusu ni nchi kubwa sana kwa aliyeishi katika yote. Niliweza kulala. Miguu ikawa inaagizika, si siku zote, lakini inaagizika. Kwa kushikilia fito mbili zilizopigiliwa sambamba kwenye mbao, kisha magongo, nikajifunza tena kusimama.

Wazee wa Kinampanda hawakulipuuza lile lililotendeka wodini. Walikaa, wakasema heshima imevunjika na lazima iwekwe sawa, wakadai mbuzi. Wakamwuliza mama mkwe kama ana la kuongeza. Akasema analo moja: mbuzi aletwe na mkwe mwenyewe, kwa miguu yake.

Ilinichukua mpaka alizeti za mwaka uliofuata zilipokuwa zinavunwa. Tuliteremka kwenye gari barabarani, Naomi akiwa na mtoto mgongoni na kamba ya mbuzi mkononi, nami nikashika njia ya kwenda kwao, kiboksi kikiwa kimewashwa hadi mwisho wake, nikipumzika, nikiendelea, mbuzi akitushangaa. Watu walitoka mashambani wakasimama kutazama bila kusema. Mama mkwe alikuwa mlangoni kwake. Aliniona tangu mbali na hakuja kunilaki, aliniacha nifike. Wazee wakafanya yao, damu ikamwagika, maneno yakasemwa, na mmoja wao akatangaza kuwa sasa njia ni safi, mkwe anaweza kula nyumbani humu kama mtoto wa humu.

Ndani palikuwa na mkeka, sinia moja la ugali na bakuli la nyama. Alikaa upande mmoja, akanionyesha mwingine. Naomi alibaki mlangoni, hakuamini. Mimi nilikaa nusu nikianguka, nikanyoosha miguu, nikanawa. Kiboksi kilikuwa kimefanya kazi njia nzima na betri ilikuwa inaishia. Nilisikia moto ukianza kuingia kwa vidole. Nikamega tonge. Akanitazama nikitafuna, kwa utulivu, bila kuficha kwamba ananitazama.

"Unaumwa?" akaniuliza.

"Naumwa, mama," nikamwambia.

Akaniongezea nyama.